Redio Yako Ikibadilika, Usimlilie Mtangazaji

Kituo cha FM hakibadiliki ghafla, hata kama wewe umeamka na kukuta sauti ngeni kwenye masafa yako ya kila siku. Nimekaa studio pande zote mbili za kioo, kama mtangazaji na kama mtayarishaji, na nimepitia mabadiliko ya vipindi zaidi ya mara moja. Kila mara dalili zilitangulia miezi kadhaa. Ukizijua, utakuwa na muda wa kufanya kitu kabla hujabaki na kulalamika tu.

Dalili ya kwanza huwa ni chumba cha habari kupungua watu. Taarifa ya kila saa inafupishwa, mwandishi wa mtaani hasikiki tena. Kisha nyimbo zinaanza kujirudia. Dalili ninayoiamini kuliko zote, lakini, ni pale mtangazaji anapoacha kutaja saa.

Anaacha kwa sababu hayupo hewani; kipindi kimerekodiwa mapema. Anaingia studio, kompyuta inamwonyesha wimbo unavyoishia na unaofuata unavyoanza, anarekodi maneno machache ya kuunganisha, anaruka wimbo wenyewe, anaunganisha tena. Kipindi cha saa nne kinamalizika hata saa moja haijatimia. Mtu huyo huyo anaweza kurekodi na cha mji mwingine ambao hajawahi kuukanyaga, akiwa na karatasi ya majina ya mitaa mbele yake asije akayakosea. Ukitaka kuhakikisha, mtumie ujumbe kuhusu jambo linalotokea sasa hivi, mvua au foleni. Akinyamaza siku baada ya siku, ujue unasikiliza kompyuta. Sisemi ni dhambi; usiku wa manane nani alipe mtu wa kukaa studio? Kipindi cha asubuhi kikirekodiwa, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Sasa, ugomvi wako uupeleke wapi? Wengi humvaa mtangazaji mpya mitandaoni. Mnamwonea. Hakuchagua nyimbo, na mara nyingi hata saa yake ya kipindi hakuichagua. Uamuzi ulitoka kwenye hesabu: ni wasikilizaji wa umri gani ambao wenye matangazo ya biashara wanawataka, na kituo kinawapata wangapi. Ndiyo maana redio yenye wasikilizaji wengi wazee inaweza kufumuliwa ingawa inasikilizwa sana. WCBS-FM ya New York ilipiga nyimbo za zamani tangu 1972, ikabadilishwa Juni 2005 kuwa kituo cha nyimbo mchanganyiko kisicho na watangazaji. Julai 2007 ikarudi kwenye nyimbo za zamani. Wasikilizaji walikuwa wamehama, na wasikilizaji wakihama matangazo nayo hayakai.

Kwa hiyo barua yako iende kwa mdhamini wa kipindi, na nakala kwa meneja wa kituo. Nimeona barua chache za namna hiyo zikijadiliwa kikaoni kwa uzito ambao maoni mia ya matusi hayakuupata.

Halafu soma masharti ya leseni. Hapa nchi zinatofautiana sana. Marekani serikali haiingilii kituo kinapiga muziki gani. Mahakama ya Juu ya huko iliukubali msimamo huo mwaka 1981, baada ya kesi iliyohusisha wapenzi wa muziki wa klasiki wa kituo cha WNCN. Uingereza leseni za redio za mitaa zilidai saa kadhaa za vipindi vya eneo husika, ila mwaka 2018 mdhibiti, Ofcom, alilegeza masharti. Mwaka uliofuata mitandao ya redio ya Heart na Capital ikaondoa vipindi vyake vya asubuhi vya mikoani, kila mmoja ukaweka kimoja kutoka London. Mdhibiti alikuwa ameomba maoni ya umma kabla ya kulegeza. Wakati wa kusema ulikuwa pale, si siku kipindi kilipozimwa. Ukisikia mdhibiti wa kwenu anapokea maoni, andika, hata kama tangazo lenyewe linachosha kusoma.

Mtangazaji unayempenda mfuate kwenye kurasa zake mwenyewe mapema, angali hewani. Akishaondolewa mara nyingi hapewi nafasi ya kuaga. Wakubwa wanaogopa atakachosema maikrofoni ikiwa wazi. Nawe mtangazaji unayesoma hapa, hifadhi rekodi za vipindi vyako nje ya kompyuta za ofisi. Kadi ya mlangoni inaweza kuzimwa kabla barua ya kuachishwa kazi haijakufikia.

Barua kwa mdhamini iwe fupi. Taja kipindi, saa unayosikiliza, unasikilizia wapi, na bidhaa yake uliyonunua baada ya kusikia tangazo hapo. Hicho cha mwisho ndicho kitakachosomwa kwanza.