Kwenu wanafunzi wa uhandisi mnaokwenda PT (mafunzo kwa vitendo) kwa mara ya kwanza

Somo la mashine za umeme nilipata A. Wiki yangu ya kwanza ya PT, kiwandani, mota ya pampu ya kilowati 7.5 ikawa inakata kila baada ya muda. Nikawahi na maltimita, nikapima chini ya kontakta (swichi inayoipa mota umeme) mota ikiwa inazunguka: fezi zote tatu, yaani nyaya zinazoleta umeme, zinakaribia volti 400. Nikatangaza umeme uko sawa, ovalodi (kinga inayokata mota ikivuta umeme mwingi) imewekwa chini mno, ipandishwe.

"Subiri kidogo, injinia," akasema fundi wa zamu. Akazungushia klampu mita, ile inayopima mkondo, waya mmoja mmoja. Ampea 25. 25. Sifuri.

Skrubu ya juu ya kontakta ilikuwa imelegea na kuungua. Ikipoa inashika, ikipata moto inaachia. Mota ikishashika mwendo huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na yenyewe huzalisha volti kwenye fezi iliyokatika. Ndiyo maana mita yangu iliniambia kila kitu kizima. Ovalodi ingepandishwa, mota ingeungua, tungeipeleka kusukwa upya.

Hesabu za jambo hilo zilikuwamo kwenye daftari langu. Ila maabara ya chuo haikuwahi kutupa mashine mbovu. Tulikuta mashine nzima, karatasi ya hatua za kufuata, na ripoti za waliotutangulia, ambazo tulinakili, tusidanganyane. Mitaala ikipitiwa huongezwa masomo: ujasiriamali, mawasiliano. Sawa. Mimi ningeomba mota moja iliyoharibiwa makusudi, mwanafunzi aachiwe atafute ugonjwa.

Mpaka hapo, wiki nane za PT ndizo mlizo nazo. Wakikuweka ofisini kutoa fotokopi, omba kitabu cha matengenezo ukisome. Kinachoharibika kila mwezi ndiyo projekti yako ya mwaka wa mwisho. Mpe fundi shikamoo yake, mbebee begi la vifaa, na akishamaliza muulize alijuaje. Andika ulichodhani, kisha kilichokutwa. Ukihitimu ukaingia SEAP, mpango wa mafunzo ya wahandisi wahitimu wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), utakuwa na miaka mitatu ya kuandika kazi zako chini ya mhandisi mzoefu, kwa hiyo anza mapema kuandika kwa ukweli.

Mimi siku ile kwenye logibuku niliandika: "Nimeshiriki matengenezo ya pampu." Msimamizi kutoka chuoni alipokuja akasaini, akauliza choo kiko wapi.