Usimharakishe ng'ombe na dairy meal, mimi nililipia

Ndugu wa Ahero uliyeuliza mbona ng'ombe wako anaharisha na maziwa yameshuka siku tatu tu baada ya kumwongezea dairy meal (ule unga wa kulisha ng'ombe wa maziwa), hiyo kitu imenipata hapa Njoro, wacha nikueleze.

Ng'ombe wangu wa Frizian alikuwa amezaa wiki mbili, anatoa lita 18, jirani akanijaza maneno ati huyo ni wa 30 ukimlisha vizuri. Nikatoka kilo 3 kwa siku nikaenda 9, kwa siku mbili! Kesho yake maziwa yakapanda kweli nikaanza kujiona mfugaji, halafu siku ya tatu asubuhi naingia zizini nampata amelala, masikio chini, nepia (zile nyasi ndefu za kumkatia) hataki hata kunusa, na kinyesi ni uji wa kijivu wenye mapovu, unanuka uchachu. Nikachukua chujio la chai (mama watoto hajanisamehe mpaka leo) nikakiosha na maji, kikabaki vipande vya mahindi vimetoka vile vile vilivyoingia. Pesa yangu ndiyo hiyo kwa chujio.

Daktari wa mifugo aliponiambia shida ni tumbo kubwa limechacha nilidhani ananizungusha. Kumbe wewe hulishi ng'ombe, unalisha bakteria walio ndani ya lile tumbo. Kuna wa kuvunja nyasi na kuna wa kuvunja wanga, na kila kundi linakua kulingana na kile unachokileta. Ukimwaga unga mwingi ghafla wale wa wanga wanalipuka, wanatoa asidi haraka, pH (kipimo cha asidi, ikishuka ujue asidi imezidi) ambayo kawaida iko kati ya 6 na 7 inaanguka, chini ya 6 wale wa nyasi wanalegea, ikikaa chini ya 5.5 wanaingia wale wa asidi ya laktiki na hapo ng'ombe anaweza hata kufa. Ndiyo maana hata nepia alikataa, waliokuwa wanaisaga hawako kazini.

Tena ile sehemu ya matumbo tunaita taulo pale buchani, yale manyoya yake ndiyo yanafyonza asidi kuipeleka kwa damu. Ng'ombe aliyekuwa kwa nyasi tu manyoya yake ni mafupi, yanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kurefuka. Bakteria nao wanataka wiki 2 au 3 kuzoea. Mimi nilimpa siku mbili.

Dawa nyingine ni mate yake mwenyewe. Ng'ombe mkubwa anatoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku na yana soda ya kupunguza asidi, lakini yanatoka akitafuna na kucheua, na mimi nilikuwa nakata nepia laini kama sukuma wiki ya kupika, hakuna cha kucheua. Siku hizi nakata urefu wa kidole hivi na lazima kuwe na nyasi kavu ya Rhodes, hasa mvua ya Machi ikianza maana nepia changa ni maji matupu.

Wangu tuliondoa unga wote, akapewa nyasi kavu, beking soda kwa maji kama alivyopima daktari, akasimama siku ya nne. Maziwa hayakurudi 18 msimu huo. Na baada ya miezi miwili akaanza kuchechemea, kwato zimeuma, daktari akasema ni deni la ile asidi. Hiyo hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Sasa naongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu au nne, nagawa mara 3 kwa siku, na nyasi inatangulia unga. Wewe huko karibu na miwa pia chunga molasi, ni sukari, inachacha haraka kuliko hata mahindi.

Kwa sasa punguza huo unga, mpe nyasi kavu na maji, kisha akilala mwangalie: akirudisha tonge hesabu anatafuna mara ngapi, 50 kwenda juu uko sawa. Kama hacheui kabisa, ama anashindwa kusimama, wacha kungoja majibu ya hapa, piga simu kwa daktari saa hii.