Kabla hujaligusa faili, lichome bambo

Ukiingia ghala la korosho msimu ukishafunguliwa, mwezi wa kumi hivi, utamkuta mtu ana bambo mkononi. Hapotezi muda na maandishi ya kwenye gunia. Anachoma, anavuta, korosho chache zinamdondokea kiganjani, anazipasua na kuangalia kiini. Gunia lingeandikwa nini au nini, gredi inatoka kwenye kilichomo.

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwenye karakana za kompyuta hapa Mtwara, nataka muanze kazi na picha hiyo kichwani. Faili ni gunia. Jina lake, pamoja na zile herufi za mwisho baada ya nukta, ni maandishi ya juu ya gunia tu. Mtu yeyote anaweza kuyabadilisha kwa kubofya mara mbili. Na bambo tunalo. Linaitwa xxd.

Ni programu ndogo ya kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, aliyoiandika Juergen Weigert miaka ya 1990, na tangu hapo inasafiri pamoja na Vim, programu ya kuhariri maandishi. Kwenye Ubuntu ukiikosa, andika `sudo apt install xxd`; haitakula bando. Wenye Windows, fungueni ile terminali inayokuja na Git, imo humo.

Amri ya kwanza ninayowafundisha ni hii:

`xxd -l 32 faili`

Hiyo `-l 32` inasema: nionyeshe baiti 32 za mwanzo, basi. Baiti ndizo punje za gunia letu: kila faili ni baiti zilizopangana. Usiiache. Kila mstari wa xxd unabeba baiti 16, kwa hiyo faili la megabaiti moja tu litakumwagia mistari 65,536 na hutaona kitu. Bambo linatoa kiganja kimoja, halimwagi gunia zima sakafuni.

Hivi ndivyo mstari wa kwanza wa PDF iliyotengenezwa na LibreOffice unavyoonekana:

`00000000: 2550 4446 2d31 2e34 0a25 c3a4 c3bc c3b6  %PDF-1.4.%......`

Kushoto ni anwani, yaani baiti hii ni ya ngapi toka mwanzo wa faili, kwa kuhesabu kuanzia sifuri. Katikati ni baiti zenyewe, kila moja kwa tarakimu mbili za heksadesimali (0 hadi 9, kisha a hadi f), kuanzia 00 hadi ff, ambazo jumla yake ni thamani 256. Zimepangwa mbilimbili ili jicho lisichoke. Kulia ni zilezile baiti zikiandikwa kama herufi, na isiyoandikika inawekewa nukta. Someni kwa subira: 25 ni alama ya asilimia, 50 ni P, 44 ni D, 46 ni F. Faili hili hata likiitwa `malipo.xls`, ni PDF.

Msikariri jedwali zima la alama hizi. Kwa kazi za hapa mjini nimeona tano zinatosha kuanzia. 2550 4446 ni PDF. ffd8 ff ni picha ya JPEG. 8950 4e47 ni PNG. d0cf 11e0 ni Excel au Word ya zamani. Na 504b 0304 ni zipu, faili moja linalobeba mafaili mengine ndani yake, ambayo herufi zake mbili za mwanzo, PK, ni za Phil Katz aliyeianzisha. Hii ya tano ndiyo mtakayokutana nayo sana, kwa sababu xlsx na docx zote ni zipu zilizovishwa jina lingine.

Sasa niwape kisa. Msimu mmoja alikuja katibu wa chama cha msingi, mzee wa makamo, kapanda gari alfajiri kutoka upande wa Newala. Mkononi ana flashi. Ndani kuna orodha ya wanachama, Excel inagoma kuifungua, inasema faili limeharibika. Alikopita kwanza aliambiwa ni kirusi, flashi iformatiwe.

"Mwanangu, watu wananisubiri kule," aliniambia.

"Nipe dakika kumi, mzee wangu. Sitafuta kitu."

Nikanakili faili kwenye mashine yangu, flashi nikaichomoa na kumrudishia mkononi. Kuanzia hapo nilifanya kazi kwenye nakala tu. Kichwani nikakuta 504b 0304, kwa hiyo ni xlsx kweli. Nikaangalia mkiani:

`xxd -s -32 orodha.xlsx`

Hiyo `-s` ni ya kuruka hadi mahali unapotaka, na ukiweka namba hasi inahesabu kutokea mwisho. Baiti zote 32 zilikuwa 00. Sifuri tupu. Zipu nzima inatakiwa mwishoni mwake iwe na 504b 0506, mahali inapofungia orodha ya vilivyomo. Orodha hiyo inaandikwa mwisho kabisa, ndiyo maana xlsx iliyokatika njiani haifunguki hata kama karibu data yote imefika. Picha ya JPEG haiko hivyo, inasomwa kutoka juu kwenda chini. Ikikatika utaona nusu ya juu ya bibi harusi na chini kijivu.

Kwa hiyo kirusi hakikuwepo. Flashi ilichomolewa kabla kunakili hakujaisha, basi. Mzee akapiga simu kwa kijana wa ofisini kwake, faili zima likatumwa upya, na saa nne asubuhi alikuwa njiani kurudi. Lingekuwa halina nakala kokote, ningejaribu `zip -FF`, ambayo inapita ndani ya zipu iliyovunjika ikitafuta vipande vizima, lakini ningemwambia mapema kwamba anaweza kurudi na sehemu tu. Mteja mwambieni ukweli mlioona kwenye baiti. Sifuri hazitengenezwi zikawa majina ya watu, na hela ya kujaribu jambo mnalojua halipo msiichukue.

Kisa cha pili kinaniuma mpaka leo, na ndicho hasa kilichonifanya niandike. Orodha nyingine, safari hii ni faili la maandishi matupu, CSV, majina na namba za akaunti za wakulima wanaongoja hela ya mnada. Mfumo wa malipo ulikuwa unakataa baadhi ya mistari. Ukiisoma kwa macho haina kosa. Wameshaandika upya, wameshatumia TRIM ya Excel kuondoa nafasi za ziada, bado. Nikachukua mistari miwili inayofanana, mmoja uliokubaliwa na mmoja uliokataliwa, nikaichoma bambo:

`00000000: 4e45 5741 4c41 204d 4a49 4e49 0a         NEWALA MJINI.`

`00000000: 4e45 5741 4c41 c2a0 4d4a 494e 490d 0a    NEWALA..MJINI..`

Tazameni baada ya 4c41. Juu kuna 20, nafasi ya kawaida unayoipata ukibonyeza kitufe kirefu cha kibodi. Chini kuna c2a0. Hiyo nayo ni nafasi, lakini ni nafasi isiyokatika, inayozuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari. Huingia mtu akinakili maandishi kutoka kwenye kurasa za intaneti au hati ya Word. Jicho halioni tofauti. Kompyuta inaona majina mawili tofauti, na TRIM haiigusi, maana yenyewe inaondoa 20 tu. Zile 0d0a za mwishoni ni namna Windows inavyomaliza mstari; Linux inaweka 0a peke yake. Kwenye mfumo mkali hata hiyo 0d inaweza kuleta shida, lakini siku ile mkosaji alikuwa c2a0.

Ugonjwa niliupata. Dawa ndiyo niliyokosea.

Nilitaka kubadilisha kila c2a0 iwe 20. xxd ina umbo jingine, `-p`, linalotoa baiti tupu bila anwani wala herufi za kulia. Nikatoa orodha kwa umbo hilo, nikabadilisha, kisha nikairudisha kuwa faili la kawaida:

`xxd -r -p orodha.hex orodha.csv`

`-r` ni kinyumenyume: inachukua maandishi ya baiti na kuyafanya faili tena. Kilichonipita ni kwamba xxd ikirudisha juu ya faili lililopo, hailifuti kwanza. Inaandika kuanzia mwanzo, ikimaliza inaacha kilichobaki kama kilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimebadilisha sehemu 37, baiti mbili kuwa moja, faili limefupika kwa baiti 37. Zile baiti 37 za mwisho za faili la zamani zikabaki zimening'inia chini. Nazo zilikuwa nini? Mwanachama wa mwisho, jina na akaunti, akawa yumo mara mbili. Katibu ndiye aliyegundua, alipohesabu watu kwa kidole kabla ya kupeleka. Asingehesabu, mtu mmoja angelipwa mara mbili na hela ingetoka mfukoni mwa wenzake.

Tokea siku ile sirudishi juu ya faili lililopo. Nawataka nanyi mzoee hivyo:

`xxd -r -p orodha.hex > mpya.csv`

Alama hiyo ya mshale inaanza faili jipya, tupu.

Na hata kule kubadilisha c2a0 kwa mtindo ule kulikuwa na mashimo mawili. Umbo la `-p` linakata mstari kila baiti 30, kwa hiyo c2 inaweza kubaki mwisho wa mstari huu na a0 ikaanza mstari unaofuata, usiione. Shimo la pili ni baya zaidi. Kwenye baiti tupu hakuna mpaka kati ya baiti na baiti. Herufi L, nyota, kisha 0d ya Windows zinaandikwa 4c2a0d. Humo ndani kuna c2a0 ya uongo, nusu ya baiti moja imeshikana na nusu ya nyingine. Ukiibadilisha iwe 20 unabaki na 420d: L na nyota zimepotea, na B, yaani 42, imekaa mahali pao.

Kwa kazi ya namna hii xxd iachieni kuangalia tu, kubadilisha mpeni sed, programu ya kubadilisha maandishi, anayejua mipaka ya baiti:

`sed 's/\xc2\xa0/ /g' orodha.csv > orodha_safi.csv`

Kisha hakikisheni kwa `grep -c $'\xc2\xa0' orodha_safi.csv`. Ikijibu 0, mmemaliza.

Kubadilisha kwa xxd kuna mahali pake, pale unapotaka kuandika baiti juu ya baiti bila kuongeza wala kupunguza. Jaribuni hivi, kwenye faili la mazoezi:

`printf 'KOROSHO\n' > a.txt`

`xxd a.txt`

Mtaona 4b4f 524f 5348 4f0a. K kubwa ni 4b, k ndogo ni 6b. Kati ya herufi kubwa na ndogo kuna 20 za heksadesimali siku zote. Sasa andikeni:

`echo "00000000: 6b" | xxd -r - a.txt`

Someni faili, limekuwa kOROSHO. Hapa ile tabia ya kutofuta ndiyo inayotufaa: tumegusa baiti moja, saba zilizobaki ziko palepale. Anwani ya kushoto ndiyo inayoiambia xxd pa kuandika. Kwa sababu hiyo hiyo, ukifuta baiti katikati ya mstari wenye anwani, mstari unaofuata hausogei kuziba pengo; unakwenda kwenye anwani yake. Na wengi wenu mtabadilisha herufi za upande wa kulia mkishangaa hakuna kinachobadilika. Upande ule xxd haiusomi inaporudisha. Badilisheni tarakimu za katikati.

Neno kuhusu hexdump, mtakayoikuta kwenye mashine nyingi. Ukiiita bila kitu inazisoma baiti mbilimbili kama namba moja, na kwenye kompyuta zetu hizi matokeo yake hugeuka: PDF ileile itaonekana 5025 4644 badala ya 2550 4446. Kijana mmoja aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa faili limeharibika, kumbe ni hivyo tu. Andikeni `hexdump -C` zipangike sawa. Mashine isiyo na hata hiyo itakuwa na od, ya tangu Unix ya 1971. `od -A x -t x1z` inatoa karibu sura ileile.

Jioni ya leo, kabla hamjaja kesho, kila mmoja achukue mafaili sita kutoka kwenye simu au flashi yake, ayanakili, aandike kwenye daftari baiti 16 za mwanzo na 16 za mwisho za kila moja, na pembeni aandike anadhani ni faili la aina gani. Majina ya mafaili msiandike. Tutabadilishana madaftari, na mwenzako ndiye atakayekwambia ulichokuwa nacho.