Meno na Kinywa: Dawa nyeupe imebanduka, nirudie ya fedha?

SWALI: Shikamoo daktari. Gego langu la chini lilizibwa kwa dawa nyeupe ubavuni, pale linapogusana na jino la jirani. Miezi mitano tu, ikabanduka nikila muhogo wa kukaanga. Kwa sasa naweka pamba yenye mafuta ya karafuu. Je, nikazibe kwa ile ya rangi ya fedha? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba dada. Usiulaumu muhogo. Dawa nyeupe, yaani kompositi, ni plastiki iliyochanganywa na chembe za glasi, nayo hushika kwa kugundishwa. Ile ya fedha hushika kwa umbo la tundu: daktari hulichonga liwe pana chini na jembamba juu, dawa ikishakauka haina pa kutokea. Kwa hiyo nyeupe inategemea sana namna ilivyowekwa.

Uozo ukishatolewa, jino hupakwa jeli ya asidi ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37. Kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hukaa sekunde 15 hadi 30; kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, isizidi 15. Huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi, na gundi humulikwa kwa taa ya bluu. Ndipo kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi milimita 2, likimulikwa kwa sekunde 20 hivi. Akijaza tundu zima kwa mkupuo, mwanga haufiki chini. Juu panakuwa pagumu, chini pamebaki laini. (Zipo aina mpya zinazokubali milimita 4, lakini si zote.)

Hatari kubwa ni ule muda mfupi kati ya kuosha asidi na kupaka gundi. Mate au damu vikigusa hapo, gundi haishiki, na kwa macho hutaona tofauti yoyote siku hiyo. Tundu la ubavuni karibu na fizi ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu fizi huvuja damu. Kwa hiyo ukirudi, uliza mambo mawili: je, jino litafunikwa kwa kitambaa cha mpira ili mate yasifike? Na je, itatumika bendi nyembamba ya chuma yenye kabari katikati ya meno? Bila kabari dawa humwagikia chini ya fizi, au inaachwa nafasi ambayo kila mlo nyama itanasa.

Karafuu iache. Mafuta yake yana yujinoli, ambayo huzuia plastiki isikauke vizuri, tena huunguza fizi. Mwambie daktari umeitumia, asafishe tundu sawasawa kabla ya kuziba.

Kuhusu ile ya fedha: ni kweli huvumilia unyevu kuliko nyeupe, na imewahudumia watu miaka mingi. Lakini karibu nusu yake ni zebaki, ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliisimamisha kuanzia Januari 1, 2025, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu. Walio nayo mdomoni, ikiwa nzima, hawana haja ya kukimbilia kuitoa. Kwako wewe swali la msingi ni kuta za jino zimebaki na unene gani. Zikiwa chini ya milimita 2, dawa yoyote utakayoweka, ukuta unaweza kupasuka. Hapo jino lahitaji kofia, yaani ganda la kulifunika lote.

SWALI: Nimekulia Maji ya Chai, Arusha. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia. Nimeambiwa yachongwe yote na kuvalishwa kauri. Hakuna njia nyingine? *Kijana wa miaka 24*

JIBU: Ipo, na ianze iliyo nyepesi. Rangi hiyo ni ya floraidi iliyoingia enameli ikiwa bado inajengwa, utotoni. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Visima vingi vya pande za Mlima Meru vimekivuka, na magadi ya kulainishia maharage huongeza. Kama una mtoto mdogo, kumbuka kwamba kuchemsha maji hakutoi floraidi, bali kunaikoleza.

Doa la juujuu husuguliwa na daktari kwa asidi na unga wa jiwe laini. Inaondoka sehemu ndogo tu ya milimita. Likibaki, hufunikwa kwa tabaka jembamba la kompositi, mara nyingi kwa ziara moja. Mkumbushe daktari kwamba enameli ya floraidi hukataa asidi, huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ya kawaida. Wakiipa muda uleule, tabaka hubanduka. Kompositi humeguka kingo na kushika rangi ya chai, ila hurekebishwa bila kuvunja kitu. Kauri hudumu zaidi, lakini enameli iliyochongwa hairudi. Kwa miaka 24, sisi tungesubiri.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita anaogopa mashine. Daktari kasema atakwangua tundu kwa mkono na kuziba, bila ganzi. Si kulipua kazi huko? *Mama Rehema, Mombasa*

JIBU: Hapana mama, ni njia inayotambulika, na ilianzia jirani yako: iliasisiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha huwekwa glasi ayonoma, dawa ya rangi ya jino inayojishikiza yenyewe na kutoa floraidi. Hukandamizwa kwa kidole kilichopakwa vaselini ili iingie pembeni zote. Inafaa tundu dogo la juu ya gego. La ubavuni hudumu kidogo. Asile chochote kwa saa nzima. Lakini kama jino linamwamsha usiku, au fizi ina kijipu, kukwangua hakutoshi: uozo umeshagusa mshipa wa fahamu wa jino.

SWALI: Tangu nizibwe juzi, nikiuma nasikia kama msumari. *Dodoma*

JIBU: Huenda dawa imezidi kimo. Rudi uume karatasi ya rangi. Panapoacha alama nzito panapunguzwa, kazi ya dakika chache. Ubaridi unaochoma sekunde mbili tatu huweza kuisha wenyewe ndani ya wiki mbili. Maumivu yanayobaki baada ya maji kumezwa ni jambo jingine, hayo usiyasubirie.