Nyama ya mvuke ya Guangdong: maswali yenu kutoka jikoni

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu zing yuk beng, nyama ya nguruwe ya kusaga inayotandazwa kwenye sahani na kuivishwa kwa mvuke. Ni kitoweo cha kila siku majumbani Guangdong, jimbo la kusini mwa China, na Hong Kong, nami nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu miaka niliyoishi Guangzhou, mji mkuu wa jimbo hilo. Barua zimekuja nyingi. Kwa ambaye hakusoma, vipimo vyangu ni hivi: nyama nusu kilo, sosi ya soya kijiko kimoja na nusu cha mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko cha chai, pilipili manga nyeupe, wanga wa mahindi kijiko cha mezani, maji baridi vijiko vitano au sita vya mezani, na mafuta ya ufuta kidogo mwishoni. Sahani bapa, mvuke mkali, dakika 12.

Shikamoo Mama. Nilifuata kila kitu lakini nyama ikatoka kavu na ngumu, mume wangu akasema anatafuna soli. Na nilinunua steki safi kabisa, haina hata chembe ya mafuta. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kosa umeliandika mwenyewe: steki safi isiyo na mafuta. Kwa choma au kwa mchuzi inafaa, kwa kitoweo hiki haifai. Mvuke hauongezi mafuta kama kikaango, kwa hiyo mafuta yote utakayoyaonja ni yale uliyoingia nayo. Mwambie muuza nyama akukatie bega, pale nyama na mafuta vimechanganyika, na ukitazama kipande uone kama sehemu saba za nyama kwa tatu za mafuta. Kwa nusu kilo, gramu 150 hivi ziwe mafuta. Najua wengi mnayaogopa. Lakini sahani hii huliwa na watu wanne au watano pamoja na mboga za majani, hakuna anayekula nusu kilo peke yake.

La pili ni maji na mkono. Ukishatia chumvi na sosi ya soya, koroga nyama kwa nguvu ukitumia vijiti, uma imara au vidole vyako, ukiongeza maji kijiko kimoja kimoja, na usitie kingine mpaka kile cha kwanza kimenywewa. Chumvi huitoa protini ya nyama ikawa kama gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoyashika maji yasikimbie nyama ikipata moto. Utaijua kwa macho: nyama inaacha kuwa chembechembe, inang'aa, inavuta nyuzi ukiinua vijiti, na inajibandika kwenye ukuta wa bakuli. Hiyo ni kazi ya dakika tano kamili, si mizunguko kumi. Wanga unafuata baada ya hapo, mafuta ya ufuta mwisho kabisa, maana ukitangulia na mafuta maji hayaingii vizuri.

Wachina watakuambia koroga upande mmoja tu. Nami hukoroga hivyo kwa mazoea, ila nimewahi kukoroga ovyo nikiwa na haraka na nyama ikanata vilevile. Muda ndio unaohesabika.

Kisha itandaze bila kuishindilia. Ukiikandamiza kama unatengeneza matofali, itatoka tofali. Isambaze kwa upole, unene wa kidole kimoja, katikati uache bonde dogo ili paive sawa na pembeni.

Nisage buchani au nikatekate mwenyewe? (Msomaji, Arusha)

Katakata mwenyewe ukiweza. Mashine ya bucha huiponda nyama ikawa uji, na mara nyingi ina mabaki ya ng'ombe aliyesagwa kabla yako. Jioni katika jengo letu Guangzhou ulikuwa unajua nani anapika kitoweo hiki kwa kusikia tu: visu viwili vipana, kimoja kila mkono, vikipiga ubao kwa zamu. Wewe kisu kimoja kizito kinatosha. Kata vipande vyembamba, kisha vijiti, kisha punje, halafu ndipo uanze kupigapiga. Mafuta yakate peke yake, punje ndogo kama mchele, ndipo uchanganye. Zikiyeyuka ndani ya nyama zinaacha ulaini ambao mashine haiwezi kuutoa.

Kuna sababu nyingine, na hii ninaisema kwa uzito. Tegu wa nguruwe yupo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Vifuko vyake ndani ya nyama huonekana kama punje nyeupe za mchele zenye majimaji. Ukinunua kipande kizima unaweza kuviona ukaikataa nyama. Ikishasagwa huoni kitu. Nunua palipokaguliwa, nunua kipande, kikate kwenye mwanga.

Kila nikipika sahani inajaa maji. Huwa nayamwaga. Ni sawa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, tafadhali usiyamwage! Labda tutenganishe kwanza maji ya aina mbili. Kuna mchuzi wa nyama yenyewe, mweupe uliofifia, wenye vijicho vya mafuta juu, vijiko vitano au sita hivi pembezoni mwa sahani. Huo ni nusu ya kitoweo. Unaumwagia kwenye wali. Na kuna maji yanayodondoka kutoka kwenye mfuniko, yasiyo na ladha, yanayoifanya sahani iwe bwawa. Hayo yazuie: funga mfuniko kwa kitambaa safi, ncha zikiwa juu zisiguse moto, au chagua sufuria yenye mfuniko wa kuba ili matone yateremke pembeni.

Kikantoni, lugha ya huko Guangdong, kina neno sung, maana yake chochote kinachoandaliwa ili wali uliwe. Niliposikia mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu sisi tunalo letu, kitoweo, na sikuhitaji kuelezwa zaidi. Wali ndio chakula, na nyama hii ipo kuuhudumia. Ndiyo maana ina chumvi iliyozidi kidogo kuliko unavyopenda ukiilamba peke yake, na ndiyo maana mchuzi wake haumwagwi.

Mama, mimi niko Nairobi. Dakika 12 zilipoisha katikati bado palikuwa pa rangi ya waridi. Saa yangu ni mbovu? (Msomaji, Nairobi)

Saa yako ni nzima, ila jiji lako liko juu. Kwenye mita 1,700 na ushei, maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa au Dar es Salaam, na mvuke wake una joto hilohilo. Nyama itaiva, ila taratibu. Ongeza dakika nne, na wa Mbeya afanye vilevile.

Kabla ya kuulaumu mlima, hata hivyo, jiulize kama maji yalikuwa yanatokota kwa nguvu kabla hujaingiza sahani. Wengi huweka sahani kwenye maji ya baridi na kuanza kuhesabu. Hesabu huanza mvuke ukiwa umeshajaa sufuria. Na sahani nzito ya udongo hula joto jingi. Ya bati au ya chuma ni nyepesi zaidi. Mwenye kipimajoto cha nyama achome katikati: nyuzi 71, hapo nyama ya nguruwe ya kusaga ni salama. Asiye nacho apasue katikati kwa kijiko, atazame mchuzi unaotoka. Ukiwa na wekundu, rudisha.

Sina sufuria ya mvuke. (Msomaji, Kampala)

Wewe wa Kampala ndiye wa mwisho kuhangaika! Matoke yenu mnayapikaje? Zile bua za migomba mnazopanga chini ya sufuria zinatosha kabisa. Wengine wageuze bakuli la chuma kifudifudi ndani ya sufuria pana, maji yafike nusu ya bakuli, sahani ikae juu.

Assalamu alaykum. Sisi nyumbani hatuli nguruwe. Nikitumia ng'ombe si itakuwa nimeharibu chakula cha watu? (Msomaji, Tanga)

Wa alaykumu salaam dada yangu. Hujaharibu chochote, kwa sababu wenyewe Wakantoni wana cha ng'ombe, na kwangu mimi ni kizuri kuliko cha nguruwe. Siri yake ni ganda la chenza lililokaushwa. Ganda linalosifika zaidi China hutoka Xinhui, Guangdong, na huko huhifadhiwa miaka na miaka. Kadiri linavyokaa ndivyo bei inavyopanda. Wewe usiende Xinhui. Muheza machungwa na machenza si ya kutafuta. Menya chenza lililoiva vizuri, kausha ganda juani mpaka likatike kwa mlio, tia kwenye chupa kavu. Likikaa miezi michache ukali unapungua na harufu inatulia.

Kwa nusu kilo ya ng'ombe, loweka kipande cha ganda kama nusu ya kiganja kwa dakika 20, kwangua weupe wa ndani kwa kisu kwa sababu ndio wenye uchungu, kisha katakata laini kabisa. Nyama iwe yenye mafuta kidogo. Ng'ombe hunywa maji kuliko nguruwe, kwa hiyo fika vijiko vinane, na ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia mwishoni. Tangawizi iliyokunwa, majani ya vitunguu juu, basi. Mapishi mengine huweka mvinyo wa mchele. Wewe uache, na wala hutaukosa.

Nimeona picha yenye kiini cha yai cha rangi ya machungwa katikati ya nyama. Ni yai gani hilo? (Msomaji, Mwanza)

Yai la bata la chumvi. Hapo Mwanza bata wapo, kwa hiyo litengeneze. Chemsha lita moja ya maji na chumvi gramu 250 mpaka iyeyuke, acha yapoe kabisa. Chagua mayai mabichi yasiyo na ufa, yaoshe, yapange kwenye chupa kubwa ya kioo, mimina maji ya chumvi, weka kisahani juu ili yasielee. Funika, weka mahali penye kivuli kwa wiki nne. Vunja moja ulitazame: ute unakuwa mwepesi kama maji na wenye chumvi kali sana, kiini kinakuwa kigumu kama gololi laini. Lenye harufu mbaya tupa bila huruma.

Kwa nusu kilo ya nyama tumia mawili. Ute uchanganye kwenye nyama badala ya chumvi yote na sehemu kubwa ya sosi ya soya. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanatia ute na chumvi juu yake, kitoweo kinashindikana kulika. Viini viponde bapa kwa upande wa kisu, vibandike juu. Vikiiva vinatoa mafuta mekundu yanayoteremka kwenye mchuzi.

Wanaweka pia samaki wa chumvi, nimesikia. Ng'onda wetu atafaa? (Msomaji, Kilwa)

Atafaa, na atanukia kama jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu. Kipande cha vidole viwili tu, kilichooshwa na kutolewa miiba, kiwekwe juu ya nyama pamoja na vijiti vya tangawizi. Chumvi ya nyama ipunguze nusu.

Ila sitakuficha. Samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina amewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya sehemu ya nyuma ya pua na koo. Waliofanyiwa uchunguzi ni watu wa kusini mwa China waliokula samaki huyo tangu utotoni. Mimi humpika mara chache kwa mwaka, na siwapi watoto wadogo.

Yale majani meusi yaliyokaushwa yanayouzwa kwenye mifuko ni nini? (Msomaji, Guangzhou)

Mui choy, mboga ya jamii ya haradali iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Inayojulikana zaidi Guangdong hutoka Huizhou. Ina mchanga, kwa hiyo ifungue jani kwa jani na uioshe maji matatu. Iloweke nusu saa, kamua, katakata, tia sukari kidogo, changanya na nyama.

Shikamoo. Nasoma hapahapa Guangzhou, nakaa bweni, nina jiko la wali la umeme tu. Nifanyeje? (Msomaji mwingine, Guangzhou)

Marahaba. Jiko hilo linatosha kukulisha mwaka mzima. Pika wali wako kwa maji ya kawaida. Nyama robo kilo itandaze nyembamba, nusu ya unene wa kidole, kwenye sahani ya chuma inayoingia ndani ya jiko. Maji yakianza kutokota, iweke sahani juu ya kile kikapu cha mvuke kilichokuja na jiko, funika, usifunue tena. Kitufe kikiruka, acha dakika 10 zaidi bila kugusa, ndipo upasue katikati kuangalia. Ikiwa bado, bonyeza tena ukiwa umeongeza maji vijiko viwili pembeni mwa wali.

Huna kikapu? Subiri maji yakaribie kukauka, uso wa wali ukianza kutoboka vijishimo, kisha tandaza nyama moja kwa moja juu ya wali. Mchuzi utashuka wenyewe chini. Ndivyo wanavyofanya kwenye vyungu vya udongo pale mtaani kwenu majira ya baridi, na ukoko wa chini ndio wanaougombania.