Ile picha ya bakuli la manjano

Mdogo wangu, tangu niweke ile picha umenirushia maswali matatu: huku Ureno mayai ni bure? Ile hoteli niliyokaa ni ipi? Na ukija, tunaweza kupika vile vitu tukauza? Nakujibu bila kukuficha.

Hoteli hakuna. Lile ni jiko la bibi ninayemtunza hapa Aveiro, na bakuli ni lake. Ana miaka 84. Namwogesha, nampa dawa, jioni namsukuma kwenye kiti chake hadi kando ya mfereji, watalii wanakopanda mashua. Kile cha manjano kinaitwa ovos moles, yaani mayai laini. Madukani wanakitia ndani ya ganda jembamba la unga na maji, namna ile ya hostia wanayopewa Wakatoliki kanisani, likafinyangwa kama samaki au kombe la baharini. Ganda sikuwa nalo, ndiyo maana umeona bakuli na mdalasini juu.

Viini 8, sukari gramu 250, maji nusu kikombe. Hakuna siagi, hakuna maziwa, na bado nimekiharibu mara mbili. Mara ya kwanza nilimwaga shira ikiwa inatokota. Viini vikaiva palepale, nikapata mayai ya kuvuruga yenye sukari. Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Mara ya pili nikauogopa moto, nikatoa uji.

Kumbe kazi yote iko kwenye shira, na sisi watu wa Tanga shira tunaijua kwa kaimati. Ichemke mpaka tone likidondoka kwenye kijiko livute uzi wenye shanga nchani. Iache ipoe kidogo, kisha imimine juu ya viini kidogo kidogo huku unakoroga. Rudisha kwenye moto mdogo, ukoroge kama halua, mkono usipumzike. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria ukaona njia imebaki wazi, epua. Wenyewe wanasema imefanya barabara.

Mimi kwa kuhofia shombo nikatia iliki. Bibi akaonja, akaweka kijiko mezani (na wao meza wanaiita mesa, neno tulilichukua kwao), akaniuliza nimetia sabuni gani.

Mayai si bure. Ninavyosimuliwa hapa, vyakula hivi vilianzia kwenye nyumba za watawa wa kike: ute ulikuwa unakazia nguo zao kama wanga, viini vikawabakia tele, na sukari ilikuwa ikija kutoka Madeira na Brazili. Serikali ilipoyafuta mashirika ya kitawa mwaka 1834, nyumba za masista ziliachwa zife pole pole, na mapishi yakaingia mitaani na wanawake waliokuwa wakiishi au kufanya kazi humo. Mimi nguo za kutia wanga sina. Ute naula.

Biashara sasa. Jina Ovos Moles de Aveiro limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2009. Analitumia mtengenezaji wa eneo hili aliyekaguliwa, si mimi na sufuria ya bibi. Ukitaka kuajiriwa kwenye duka la keki, inawezekana, ila Kireno kwanza. Mimi mwaka mzima nilikuwa naitikia "sim", yaani ndiyo, kwa kila kitu, mpaka siku moja nikajikuta nimekubali zamu ya Krismasi.

Na mshahara usikudanganye. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi. Asilimia 11 inakatwa ya hifadhi ya jamii. Chumba changu ni 350, choo tunachangia watu wanne. Ondoa nauli, ondoa ya kutuma nyumbani, halafu nipigie hesabu wewe uliyesoma biashara. Kibali changu nimekingoja miezi kumi na minne, na muda wote huo sikuthubutu kutoka nje ya nchi, hata msiba wa babu ukanipita.

Kwa hiyo ile picha niliipiga saa nne usiku, bibi amelala, na mimi ndani ya aproni. Nilikula vijiko viwili, cha tatu kikanishinda kwa utamu.

Mama akikuuliza, mwambie nakula vizuri. Si uongo: ute wa mayai nane uko kwenye friji, na kesho ni kimanda siku ya tatu.