Dozi ya saa mbili asubuhi

Ujumbe umetoka Urambo. Muuguzi kijana wa kituo cha afya analalamika kwamba hakosi zamu, anafika mapema kuliko wote, lakini tathmini ya utendaji imempa alama chini ya mwenzake anayeingia akihema. Mdogo wangu, pole. Ila kuwahi ni sehemu nyepesi ya kazi hii; nzito ni kuijua dozi na kujituma ifike kwa wakati.

Chukua mtoto wa malaria kali, maana Tabora na Kigoma tunaishi nao kila mvua zinaponyesha. Ana kilo 12. Aliye chini ya kilo 20 hupewa artesuneti, sindano ya malaria kali, miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anahitaji 36. Aliyezoea 2.4 ya watu wazima atampa 28.8, dozi pungufu, na hata akiwahi kazini alfajiri, vimelea havitajali.

Kichupa cha miligramu 60 kitie mililita 1 ya bikaboneti, kimiminika cha kuyeyushia dawa, tikisa mpaka dawa iwe angavu. Ukungu ukibaki, usichome. Kwa mshipa ongeza mililita 5 za maji ya chumvi: kila mililita sasa ina miligramu 10, vuta 3.6. Kwa msuli wa paja ongeza mililita 2 tu: kila mililita ina 20, vuta 1.8. Ukichanganya hesabu hizi, mtoto anapata nusu ya dozi au mara mbili yake. Na ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja. Kumwekea mgonjwa wa jioni kilichobaki si kubana matumizi, ni kosa. Kama hesabu inakusumbua, kokotoa kwenye karatasi mbele ya mwenzako anayeijua. Hakuna aibu hapo.

Sasa kujituma. Dozi hurudiwa saa 12 na saa 24 baada ya ile ya kwanza. Iliyochomwa saa mbili usiku inaangukia saa mbili asubuhi, zamu zinapopishana. Wa usiku anabeba mkoba akijua wa asubuhi atachoma. Wa asubuhi anadhani imeshachomwa. Inatolewa saa tano! Mama aliyepakizwa bodaboda usiku kutoka Usoke hajui kilichotokea; anashukuru kila aliyevaa sare. Hili linaniuma kuliko uhaba wa watumishi, kwa sababu kuliondoa hakuhitaji bajeti.

Ukichoma ya kwanza, andika saa uliyochoma wewe, siyo saa daktari aliyoandika dawa, na papo hapo andika saa za dozi mbili zinazofuata. Makabidhiano yafanyike kitandani, siyo mezani kwenye chai, na anayepokea asome saa hizo kwa sauti. Mtoto haamki? Usipokee neno "amelala". Pima sukari ya damu tena, huenda imeshuka. Anayepitia mafaili haoni ulifika saa ngapi, anaona mistari hii.

Mtoto akiamka na kuomba uji, wengi huacha sindano. Zisipungue dozi 3, kisha dawa mseto kamili ya siku 3. Na kabla mama hajaondoka, mwandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi baada ya wiki moja kupimwa wingi wa damu, kwa kuwa baada ya artesuneti chembe nyekundu zinaweza kuvunjika mtoto akiwa tayari anacheza nyumbani.